"Guy", "guys", "you guys": neno la herufi 3 lililonikosesha usingizi kwenye tafsiri

#1 Mfasiri wa Usiku

Wakuu, naomba tukae kidogo na neno moja la Kiingereza. Ni fupi, kila mtu analijua, na ndiyo maana hakuna anayelifungulia kamusi: "guy".

Kisa kilianza nilipokuwa naandika tafsiri za chini ya skrini za tamthilia moja ndefu. Mama anaingia sebuleni, binti zake watatu wamekaa, anawaambia "You guys, listen." Saa nane za usiku, macho mazito, nikaandika "Nyie wanaume, sikilizeni." Ikapita hivyo hivyo hadi kwa watazamaji. Mmoja wao akaandika kuuliza hao wanaume wako wapi, mbona yeye anaona wasichana tu. Iliniuma sana. Kazi hii naifanya kwa moyo, na kosa lenyewe halikuwa kwenye neno gumu la sheria au la udaktari, lilikuwa kwenye neno ambalo hata mtoto wa darasa la nne analitamka. Tangu siku hiyo nimelifuatilia. Haya hapa niliyoyapata, mwenye zaidi aongeze.

"A guy", akiwa mmoja, ni mwanamume. Si mzee unayemsimamia kwa heshima wala si mtoto mdogo. Ni mwanamume wa kawaida ambaye msemaji hajisumbui kumpa cheo. "Some guy called" ni "kuna jamaa kapiga simu". Neno "jamaa" linakaa hapo kama limezaliwa hapo.

Halafu kuna "guy" wa kazi au wa mwelekeo. "The computer guy" ni yule wa kompyuta. "I'm a numbers guy" ni mimi mtu wa hesabu. Lugha yetu ilikuwa tayari zamani: tunasema mtu wa watu, mtu wa vitabu, mtu wa safari. Na "I know a guy"? Anayesema hivyo hatangazi kwamba duniani kuna mwanamume mmoja anayemfahamu. Anasema njia ipo, yuko wa kuimaliza shida hiyo. Nimeona mahali pameandikwa "Namjua jamaa" na sentensi ikafa pale pale. Ukiandika "Nina mtu wangu", msomaji anasikia hadi ile sauti ya chini ambayo maneno hayo husemwa nayo.

Ipo nyingine naipenda kupita zote: "guy" kwa kitu kisicho na uhai. Fundi anaonyesha skrubu ndogo, anasema "tighten this little guy". Mwalimu wa hesabu anazungushia duara namba moja ubaoni, anasema "now move this guy to the other side". Mtu anaokota konokono na kusema "look at this little guy", wala hajui ni dume au jike. Sisi tunafanya hivyo hivyo bila kujitambua. Msikilizeni fundi akiwa ameinama kwenye injini: "Huyu ndiye anayesumbua." Huyu nani? Bolti! Ameitoa kwenye ngeli yake akaipandisha kwenye ngeli ya watu kwa sababu imeanza kuwa mbishi. Kwa hiyo mkikutana na "this guy" ya namna hiyo msiandike "kitu hiki". Andikeni "huyu" na mwache ibaki na roho yake.

Sasa wingi, ambako ndiko nilikoanguka. "Two guys were standing outside": wanaume wawili, hakuna ubishi. "He's out with the guys": yuko na wanaume wenzake. Lakini "you guys" wanaweza kuwa wanaume, wanawake, mchanganyiko, hata mabibi wanne watupu. Umbo ni moja, "s" ni ile ile. Kinachogeuza maana ni kama watu unawasema au unasema nao. Ukiwasema ni wanaume. Ukisema nao ni yeyote aliye mbele yako.

Hiyo tofauti nilikuwa siijui. Nimesoma Kiingereza miaka mingi na hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia.

---

#2 Chipukizi

Mkuu ahsante, nimejifunza. Maswali mawili. Moja, kwa nini wasiseme "you" peke yake ikatosha? Mbili, hili neno limetoka wapi, maana "man" najua ni la tangu na tangu, ila "guy" halifanani na ndugu zake.

---

#3 Fundi Mnara

Kabla hamjaenda mbali naomba niweke langu, kwa sababu mimi neno hili nalijua kwa mikono.

Kwenye kazi ya minara ya mawasiliano "guy" ni waya nene ya chuma inayotoka juu ya mlingoti hadi kwenye nanga ya zege ardhini. Mnara mwembamba hausimami kwa nguvu zake, unasimama kwa sababu nyaya za pande zote zinauvuta sawa. Kamba za hema ni zile zile, "guy ropes", na mabaharia walizitumia kushikilia vyuma na milingoti ya meli karne nyingi kabla ya redio.

Msizichukulie kidogo. Poland walikuwa na mlingoti wa redio pale Konstantynów, urefu mita 646, wakati huo hakuna kitu kilichojengwa na binadamu kilichokuwa kirefu kuliko huo. Tarehe 8 Agosti 1991 mafundi walikuwa wanabadilisha hizo nyaya za "guy" sehemu ya juu. Kazi ikaenda vibaya, mlingoti ukapinda, ukakatika, ukaanguka wote. Kila ninapopanda huwa naukumbuka.

Sasa mfasiri atakayekutana na "check the guys before you climb" kwenye mwongozo wa kazi, akaandika "waangalie wale jamaa kabla hujapanda", atakuwa amemweka mtu hatarini. Ni "kagua nyaya za kushikilia mnara". Hili naomba lishikwe.

---

#4 Mfasiri wa Usiku

Fundi, ahsante sana, na umenikumbusha jambo. Hiyo "guy" yako haina undugu na "guy" ya mtu. Ya kwako imetoka kwenye Kifaransa cha zamani, neno la kuongoza, ukoo mmoja na "guide". Zimekutana tu njiani zikavaa nguo moja.

Ya mtu ina historia yenye damu. Chipukizi, maswali yako mawili yana jibu linalofungana, ila inabidi unipe nafasi nianzie mbali.

Kiingereza cha zamani kilikuwa na vyumba viwili kama vyetu. "Thou" ilikuwa wewe. "Ye" ilikuwa ninyi, na "you" ilikuwa ninyi hao hao wanapotendwa. Chukueni Biblia ya Kiingereza ya 1611, Luka 22, pale Yesu anapomwambia Simoni kwamba Shetani ameomba awapepete kama ngano. Anaanza na "you", kisha ghafla anahamia "thee". Msomaji wa Kiingereza cha leo akisoma tafsiri mpya yenye "you" na "you" anadhani yote anaambiwa Simoni. Sisi kwenye Biblia ya Kiswahili hatupotei: Shetani amewataka ninyi, lakini nimekuombea wewe. Wote wako hatarini, na mmoja ameombewa ili aje awaimarishe wenzake. Maana nzima ya mistari ile miwili imelala kwenye umoja na wingi.

Kisha adabu ikaingilia sarufi. Mkubwa akaanza kuambiwa "you" hata akiwa peke yake, kama namna ya kumkuza. Polepole kila mtu akataka kukuzwa. "Thou" ikabaki kwa watoto, watumishi, wapenzi, Mungu, na kwa ugomvi. Mwaka 1603, Walter Raleigh, baharia na mtu mashuhuri wa Uingereza, alipokuwa akishtakiwa kwa uhaini, Mwanasheria Mkuu Edward Coke alimtupia "thou" mbele ya mahakama, akaigeuza hata kuwa kitenzi ili dharau isimpite mtu yeyote masikioni. Mnajua vile "Wewe!" ya kwetu ikitamkwa kwa ukali kwa mtu mzima inavyowasha. Ndivyo ilivyokuwa.

Katikati ya karne hiyo George Fox, mwanzilishi wa Quaker, kundi la Wakristo wa Uingereza, alishikilia kwamba kila mtu aambiwe "thou", awe hakimu au mchunga kondoo, kwa sababu mtu mmoja ni mmoja na kumwita kwa wingi ni kumpaka mafuta. Yeye na wafuasi wake walitukanwa na kupigwa kwa ajili ya kiwakilishi. Mimi ninayelia usiku juu ya "ninyi" nawaheshimu sana watu hao.

Hawakushinda. "Thou" ilitoweka kwenye mazungumzo ya wengi, ikabaki kwenye sala, mashairi na lahaja za sehemu chache. "You" ikabaki peke yake kwenye nyumba yenye vyumba viwili. Athari zake mnaziona hadi leo: alama pekee ya wingi iliyobaki ni kwenye "yourself" na "yourselves". Mahali pengine pote, ukiwaambia watu watano "Are you coming?", mmoja anaweza kudhani ameulizwa yeye.

Lugha haivumilii tundu kama hilo. Kila mahali watu wakajishonea kiraka chao. Kusini mwa Marekani "y'all". Ireland, Scotland na Australia utasikia "youse". Pittsburgh wana "yinz". Uingereza wana "you lot", ambayo mara nyingi ina harufu ya karipio. Na sehemu kubwa ya Marekani ikachukua "you guys".

Hapo linaingia swali lako la pili. Guy lilikuwa jina la mtu.

Guy Fawkes alizaliwa York mwaka 1570. Alikuwa Mkatoliki, akaenda kupigana upande wa jeshi la Hispania katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, na huko akajiita Guido. Wakatoliki Uingereza walikuwa wanabanwa kwa sheria na faini, na kundi lililoongozwa na Robert Catesby likapanga kulipua Bunge siku ya kufunguliwa kwake, Mfalme James akiwa ndani. Fawkes alijua baruti, kwa hiyo akapewa ulinzi wa mzigo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 walimkamata kwenye chumba cha chini ya ukumbi wa Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, akiwa na mapipa 36 ya baruti. Alijitambulisha kwa jina la John Johnson. Akateswa hadi akataja. Sahihi zake za siku hizo zimehifadhiwa, na ile aliyotia baada ya mateso ni mkwaruzo tu, mkono umeshindwa kushika kalamu. Nimeitazama picha yake na sikuweza kuendelea na kazi kwa muda.

Na aliyesimama Westminster Hall tarehe 27 Januari 1606 kumshtaki yeye na wenzake ni nani? Edward Coke. Yule yule wa "thou". Mtu mmoja, ndani ya miaka isiyozidi mitatu, alitumia kiwakilishi kinachokufa kumdhalilisha mshtakiwa mmoja, kisha akamshtaki mwingine ambaye jina lake, karne kadhaa baadaye, lingekuja kuziba pengo la kiwakilishi hicho. Hakuna aliyepanga hilo. Nimekaa nalo wiki nzima na bado linanisisimua.

Fawkes aliuawa tarehe 31 Januari 1606. Bunge likapitisha sheria kwamba kila tarehe 5 Novemba iwe siku ya shukrani, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Watu waliwasha mioto mikubwa, wakachoma masanamu, na sanamu la matambara lililovalishwa nguo kuukuu likaja kuitwa "a guy". Watoto walilitembeza mitaani wakiomba peni moja kwa ajili yake.

Kuanzia hapo njia ni fupi. Mwanzoni mwa karne ya 19 "guy" ni sanamu. Miaka ya 1830 huko Uingereza ni mtu aliyevaa ovyo, anayefanana na lile sanamu. Neno likavuka bahari, na katikati ya karne hiyo Marekani wanalitumia kwa mwanamume yeyote, matusi yakiwa yameshachujuka. Katika karne ya 20 "guys" ikaanza kuitwa hata mahali palipo na wanawake watupu.

Jina la msaliti, likawa tambara, likawa tusi, likawa jamaa, na sasa linaelekea kuwa "ninyi".

---

#5 Chipukizi

Mkuu nimesoma mara mbili. Sikujua kabisa kwamba ni jina la mtu.

---

#6 Mhariri wa Kike

Nimeipenda historia, ila naomba nipinge sehemu moja kwa nguvu.

Mnasema "you guys" ni yeyote. Mimi nafanya kazi kwa Kiingereza kila siku kwenye timu ambayo wengi ni wanaume. Kikao kinaanza "OK guys", barua pepe inaanza "Hi guys". Nimezoea, siwezi kusema nalia kila asubuhi. Ila kuna siku nilikuwa mwanamke peke yangu, msimamizi akaingia, akasema "Morning, guys", akaniona, akaongeza "and lady". Kama neno hilo lilikuwa linatuchukua sote, kwa nini alihisi kuna mtu limemwacha nje? Yeye mwenyewe, kwa kuongeza yale maneno mawili, alikiri.

Jaribuni hili pia. Muulizeni mwanamume mwenye mke, "How many guys have you dated?" Atashtuka, kwa sababu anasikia ameulizwa amewahi kupendana na wanaume wangapi. Kumbe neno linajua sana jinsia yake. Linaisahau pale tu inapofaa kuisahau.

---

#7 Mfasiri wa Usiku

Dada, mfano wako wa kikao umenifanya nisome tena nilichoandika. Sitaki kukupinga kwa kukurudishia sarufi.

Nakubaliana nawe kwamba neno halijasafika lote. Swali la wapenzi linaonyesha wazi: pale watu wanasemwa, hawaambiwi, na "guys" akisemwa bado ni mwanamume. Kwenye kuitana, wasemaji wengi wa Kiingereza, wanawake wakiwemo, wanalitumia wao kwa wao bila kuwaza mwanamume. Hayo mawili yanaishi ndani ya neno moja, na msikilizaji hawezi kulazimishwa asikie nusu tu. Wako wanaolikwepa, wanasema "everyone", "folks", au wanaazima "y'all" ingawa hawajazaliwa kusini. Mimi nikiandika Kiingereza kwa watu nisiowajua siku hizi naandika "everyone". Hakinipotezei kitu.

Ila nikitafsiri siruhusiwi kumsahihisha msemaji. Kama yule msimamizi wako angekuwa mhusika kwenye filamu, tafsiri ingekuwa na kazi ngumu, maana Kiswahili kingemwokoa. "Habari za asubuhi" haina mwanamume wala mwanamke, aibu yake ingefutika. Hapo ningelazimika kuirudisha kwa makusudi: "Habari zenu, mabwana... na bibie." Kosa lake ni sehemu ya hadithi, lazima mtazamaji alione.

---

#8 Mhariri wa Kike

"Na bibie." Ndiyo, hapo umeipata. Ndivyo ilivyosikika.

---

#9 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mmeyaacha yale mafungu ya maneno ambayo ndiyo yanayowaangusha wanafunzi kila mwaka. Nimefundisha Kiingereza muda mrefu, naomba niyapitie.

"Wise guy" si mwenye hekima. Ni mjuaji, mwenye majibu ya mkato kwa wakubwa. Mwalimu akiuliza darasani "Who's the wise guy?", usinyooshe mkono ukidhani unasifiwa. Kwenye hadithi za Mafia ya Marekani "wiseguy" ni mwanachama kamili wa genge, hapo hata mjuaji haitoshi.

"Fall guy" ni anayebebeshwa lawama za wengine, mbuzi wa kafara. Kuanguka kwake ni kuangushwa. "Tough guy" ni mbabe, lakini mara nyingi msemaji anamaanisha anayejifanya mbabe, na sauti ndiyo inayoamua. "The little guy" mara nyingine ni mtoto mdogo wa kiume, mara nyingine ni mnyonge asiye na mtetezi mbele ya wenye fedha. Ukisoma gazeti kuhusu kodi, ni huyo wa pili.

"Good guys" na "bad guys" wanafunzi wangu walinifundisha wao: steringi na maadui. Nilikuwa nawaandikia "watu wema" na "watu wabaya", wakawa wananitazama kwa huruma.

"Nice guy" ndilo gumu. Zamani lilikuwa sifa tupu. Siku hizi vijana wa mitandaoni wanalitumia pia kwa mwanamume anayetenda wema akihesabu, akingoja alipwe kwa mapenzi, na asipolipwa anageuka. Kiswahili sijapata neno moja la kubeba hilo. Mwenye nalo alete.

Na kuna kitenzi pia. "To guy someone" ilikuwa kumfanyia mtu dhihaka, kumgeuza lile sanamu la matambara. Leo ni nadra, ila kwenye maandishi ya karne ya 19 mtakutana nacho.

---

#10 Chipukizi

Mwalimu, kwa "nice guy" ya mtandaoni, "mwema wa mahesabu" haiwezi?

---

#11 Mwalimu Mstaafu

Inakaribia, mwanangu. Inakaribia sana. Naiandika.

---

#12 Mpenda Kamusi

Naomba niseme jambo ambalo limekuwa likinichemka tangu #1.

Mfasiri, ulianza kwa kusema "jamaa" linakaa vizuri mahali pa "guy", ukaliacha hapo. Lifungue. "Jamaa" asili yake ni Kiarabu, ni kundi, mkusanyiko wa watu. Likaingia kwetu likawa ukoo, watu wako: "jamaa zangu" ni ndugu zangu, wake kwa waume. Kisha likapungua likawa mtu mmoja: "jamaa mmoja". Na angalieni, huyo jamaa mmoja akilini mwenu ni mwanamume! Mkisikia "jamaa kaja kukuulizia", hakuna anayefikiria mwanamke. Lakini "jamaa na marafiki" wamo wote. Mmoja ni wa kiume, wengi ni wa wote. "Guy" alianza kuwa mtu mmoja akaishia kuwa kundi, "jamaa" alianza kuwa kundi akaishia kuwa mtu mmoja, na wamekutana katikati.

Sasa chukueni "jamaa" mumtie ile "-ni" ya njooni, karibuni, ahsanteni. Jamaa-ni. Jamani!

"Jamani" ndiyo "you guys" yetu. Tulikuwa nayo mdomoni siku zote. Na imesafiri mbali kuliko yao, maana leo mtu aliye peke yake chumbani akiangusha sahani anasema "jamani!" na hamwambii mtu.

---

#13 Mfasiri wa Usiku

Mpenda Kamusi, nimesimama kwenye kiti.

Ile sentensi iliyoniangusha, "You guys, listen", ilitakiwa kuwa "Jamani, sikilizeni." Maneno mawili. Yalikuwepo muda wote na mimi niliyasema mara ishirini siku hiyo hiyo bila kuyaona.

Basi niweke ninavyoliona sasa baada ya nyinyi nyote. "You guys" ikiwa ni ya kuita, mwanzo wa sentensi, ni "jamani". Ikiwa ni ya sarufi tu, yaani msemaji anaonyesha kwamba anasema na wengi, basi msitafute neno kabisa. "Are you guys coming?" ni "Mnakuja?" Ile "m-" peke yake imebeba "you" na "guys" pamoja. "Wait here, guys" ni "Ngojeni hapa." Wao walipoteza tofauti ya umoja na wingi wakaziba pengo kwa jina la mtu aliyeuawa; sisi wingi wetu haujawahi kutoka kwenye kitenzi. Kuandika "ninyi jamaa mnakuja" ni kumvalisha mtu koti juu ya koti.

Dalili kwamba kwao "you guys" imeshakuwa kiwakilishi kamili ni hii: siku hizi utasikia "your guys's house" kwenye mazungumzo. Wenye sarufi kali wanaikataa, na kwenye maandishi rasmi haifai. Lakini tazameni kilichotokea hapo. Umiliki umewekwa pande zote mbili, kwenye "your" na kwenye "guys's", kwa sababu msemaji haoni tena maneno mawili, anaona kitu kimoja anachotaka kukimilikisha na hajui mshono uko wapi. Sisi ni "nyumba yenu", tumemaliza.

---

#14 Fundi Mnara

Mfasiri, nipe hii basi, nimeisikia kwa mzungu mmoja kazini na sikuielewa hadi leo. Tulikuwa tunashuka, akasema: "You guys go ahead. Somebody has to check the guys again, and it's gonna be this guy." Akajionyesha kifuani kwa vidole gumba viwili. Guy tatu, na kila moja ilikuwa kitu kingine.

---

#15 Mfasiri wa Usiku

Fundi, umeniletea zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kiambishi, ya pili ni waya zako, ya tatu ni yeye mwenyewe: "this guy" ukijielekezea vidole gumba ni "mimi hapa", kwa kujitapa kidogo.

"Nyie tangulieni. Lazima mtu azikague tena zile nyaya, na mtu mwenyewe ndiye huyu hapa."

Alibaki kweli?

---

#16 Fundi Mnara

Alibaki. Akakuta moja imelegea.